Ngozi ya Jani, Ngozi ya Uyoga, Ngozi ya Mnyama: Somo Kutoka Samunge

UTANGULIZI

Samunge ni kijiji cha Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Wabatemi, katika Wilaya ya Ngorongoro, Mkoa wa Arusha. Mashamba ya Wasonjo hunyweshwa kwa mifereji itokayo chemchemini, na juu ya mashamba hayo vipo vilima vikavu vyenye vichaka vya miiba. Mwaka 2011 jina la kijiji hiki lilivuma katika Afrika Mashariki nzima. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana zaidi kwa jina la Babu, alikuwa akiwapa wagonjwa kikombe kimoja cha maji ya mizizi iliyochemshwa, kwa malipo ya shilingi 500. Maelfu kwa maelfu ya watu walisafiri hadi Samunge, na magari yakapanga foleni ya kilometa nyingi. Mti uliochimbwa mizizi hiyo uliitwa mugariga. Mchungaji huyo alifariki tarehe 30 Julai 2021, na umati ulikuwa umekwisha kutawanyika miaka mingi kabla ya hapo. Mti wenyewe ungali vichakani.

Shabaha ya makala hii si kuisimulia tena habari hiyo, bali kulichunguza jani la mti huo. Jani la mugariga ni dogo, zito, la kijani iliyoiva, na linapokunjwa halikatiki upesi, bali hupinda na kurudi. Wataalamu wa mimea huliita jani la namna hii kwa neno la Kilatini coriaceus, yaani lenye hali ya ngozi. Neno hilo hilo huandikwa katika vitabu vya elimu ya uyoga, na wanazuoni wa wanyama nao husema kwamba ganda la yai la nyoka lina hali ya ngozi. Hapa yazuka maswali mawili. Kwanza, vitu vya jamaa mbalimbali namna hii vimepataje kufanana? Pili, je, kufanana huko kwaweza kumwongoza mtu anayetafuta mti fulani kichakani? Jibu la swali la pili, kama itakavyoonekana, laweza kuwa ni suala la uhai na kifo.

HALI YA NGOZI NI NINI?

Kitu kikisemwa kuwa na hali ya ngozi, husemwa mambo matatu kwa pamoja. Kitu hicho hupinda pasipo kuvunjika. Hakichaniki kwa urahisi, hata kikiwa tayari kina tundu au mkato mdogo. Tena, kikiachwa baada ya kukunjwa, hurudi karibu na umbo lake la awali. Kioo ni kigumu, lakini si cha ngozi kwa sababu huvunjika. Karatasi hupinda, lakini ikipata mkato mdogo huchanika moja kwa moja. Jani la mchicha ni laini, lakini likikunjwa hubaki limekunjika.

Siri ya sifa hizi tatu imo katika mpangilio wa nyuzi. Mfano mzuri ni mkeka. Ukindu mmoja mmoja waweza kukatwa kwa vidole, lakini ukindu uliosukwa ukawa ukili, na kili zikashonwa zikawa mkeka, hubeba watu wazima miaka mingi. Mkeka ukitoboka, tundu halienei upesi, kwa kuwa kila uzi uliokatika huzungukwa na nyuzi nyingine ziendazo upande mwingine, na hizo hulipokea zito ambalo ule uliokatika hauwezi kulibeba tena. Kadhalika ngozi, jani gumu na uyoga wa magogo ni mikeka midogo isiyoonekana kwa macho. Katika kila kimojawapo zimo nyuzi imara, na kati ya nyuzi hizo imo gundi laini inayozishikamanisha na kuziacha zisogee kidogo.

Tofauti iko katika malighafi. Mmea husuka kwa selulosi, uyoga husuka kwa kitini, na mnyama husuka kwa kolajeni. Selulosi na kitini ni minyororo ya sukari. Kolajeni ni protini. Kwa hiyo kazi ni moja, lakini mafundi ni watatu, na kila mmoja alijifunza kazi yake peke yake.

NGOZI YA JANI

Mwaka 1898 mtaalamu wa Ujerumani A. F. W. Schimper alitunga istilahi maalumu ya kuyataja majani magumu ya nchi zenye kiangazi kirefu. Jani la aina hiyo likikatwa upande na kutazamwa kwa hadubini, huonyesha mambo yafuatayo.

Juu kabisa liko tando la kutini na nta. Tando hili halipitishi maji ila kidogo sana, na ndilo linaloyafanya majani mengi ya aina hii yang'ae. Chini yake ipo epidermisi, yaani tabaka la seli za nje, ambazo kuta zake ni nene. Kisha huja seli ndefu zilizosimama wima, zenye klorofili nyingi, ambazo mara kwa mara huwa katika safu mbili au zaidi badala ya moja. Kati ya hizo, na hasa kandokando ya mishipa ya jani, zimo seli zilizokufa zenye kuta nene sana za selulosi iliyoimarishwa kwa lignini. Hizi ndizo nyuzi za mkeka. Mwisho, kwenye upande wa chini, ziko stomata, yaani vijitundu vya kupitishia hewa. Upande huo haupigwi na jua moja kwa moja, na hivyo maji yapoteayo hupungua.

Jani la mchicha husimama kwa nguvu ya maji yaliyomo katika seli zake, kama mpira uliojazwa upepo. Maji yakipungua, jani hunyauka. Jani la mugariga husimama kwa nguvu ya kuta zake. Maji yakipungua wakati wa kiangazi, umbo lake hubaki vile vile, na tishu zake za ndani hazipondwi.

Hata hivyo, si sahihi kusema kwamba jani huwa na hali ya ngozi kwa sababu ya ukame tu. Miti mingi ya misitu ya milimani, penye mvua na ukungu, ina majani ya namna hii. Sababu nyingine ni gharama. Jani gumu hujengwa kwa malighafi nyingi, na mmea hauwezi kulitupa baada ya wiki chache. Mwaka 2004 kundi la watafiti wa nchi mbalimbali lilichapisha uchunguzi wa majani ya spishi 2,548 kutoka mahali 175 duniani. Waliona kwamba, kwa jumla, kadiri jani linavyokuwa zito kwa kila sentimeta ya mraba, ndivyo linavyoishi muda mrefu zaidi, na ndivyo linavyotengeneza chakula chake polepole zaidi. Jani laini ni kama kibanda cha msimu: hujengwa upesi, hutumika, huachwa. Jani la ngozi ni nyumba ya mawe. Penye udongo wenye rutuba haba, mmea hupata faida kwa kuitunza nyumba ya mawe, kwani kila jani lidondokalo huondoka na sehemu ya chumvi za udongo zilizopatikana kwa taabu.

NGOZI YA UYOGA

Uyoga wa kawaida, ule uotao baada ya mvua na kuliwa, huoza baada ya siku chache. Lakini kwenye magogo na visiki huota uyoga wa namna nyingine, usio na shina, uliojitokeza kama rafu ndogo au kama upepeo. Huu hauwezi kuvunjwa kwa vidole kwa urahisi. Huchanika kwa shida kama soli ya kiatu.

Mwili wa uyoga wote umejengwa kwa haifa, yaani nyuzi nyembamba sana zenye kuta za kitini na sukari nyingine. Kitini ndicho kinachopatikana pia katika gamba la mende na la kaa. Mwaka 1932 mtaalamu Mwingereza E. J. H. Corner, aliyekuwa akifanya kazi Singapore, alieleza kwamba haifa za uyoga mgumu si za aina moja. Ziko haifa zinazokua na kuzaa nyingine. Ziko haifa nene, zilizonyooka, ambazo ni kama mifupa. Na ziko haifa fupi zenye matawi mengi, ambazo huzifunga zile nyingine pamoja kama kamba zifungavyo fito za nyumba ya udongo. Uyoga laini una aina ya kwanza tu. Uyoga wenye aina zote tatu huwa mgumu kupita wote.

Faida ya ugumu huo yaonekana vizuri kwa uyoga mdogo uitwao kitaalamu Schizophyllum commune, uotao juu ya miti mikavu karibu kila pembe ya dunia. Una umbo la upepeo, una manyoya meupe, na chini yake una mikunjo iliyopasuka katikati. Jua likiuwakia, mikunjo hujikunja na kuifunika sehemu izaayo mbegu. Mvua ikinyesha, hufunguka na kuanza kazi tena. Vielelezo vya uyoga huu vilivyokaushwa na kufungiwa katika mirija isiyo na hewa mwanzoni mwa karne ya 20 vilitiwa maji baada ya miaka ipatayo 50, na vikatoa mbegu. Uyoga laini hauwezi kufanya hivyo, kwa maana ukikauka mara moja, kazi yake imekwisha.

Binadamu naye ameitumia ngozi ya uyoga tangu kale. Maiti ya mtu aliyeishi miaka ipatayo 5,300 iliyopita, iliyogunduliwa katika barafu ya milima ya Alps mwaka 1991, ilikutwa pamoja na vipande vya uyoga wa magogo, kimojawapo kikiwa cha kuwashia moto. Katika nchi za Ulaya ya Mashariki, uyoga wa jamii hiyo hiyo hupondwa mpaka ukawa kama kitambaa cha ngozi, na hushonwa kofia.

NGOZI YA MNYAMA

Ngozi ya mnyama ina matabaka mawili makubwa. La nje ni epidermisi, ambalo ni jembamba na limeimarishwa kwa keratini, ile protini ya kucha na nywele. La ndani ni dermisi, na hilo ndilo linalobaki na kuwa viatu, mikanda na mifuko. Dermisi imejaa nyuzi za kolajeni zilizopishana kila upande.

Umbo la kolajeni lilielezwa mwaka 1954 na mwanasayansi wa Uhindi G. N. Ramachandran na mwenzake, waliokuwa katika Chuo Kikuu cha Madras. Kila molekuli ni minyororo mitatu iliyosokotwa pamoja, kama kamba ya nyuzi tatu. Kamba hizo hukusanyika zikawa nyuzi, nyuzi zikawa matita, na matita yakasukwa yakawa dermisi.

Mwili hubadili msuko huo kulingana na haja. Mwaka 1992 watafiti walipima ngozi ya faru mweupe na kuona kwamba ile ya mgongoni na ubavuni ni nene karibu mara tatu kuliko inavyotazamiwa kwa mnyama wa ukubwa wake, tena nyuzi zake zimenyooka na kushikana sana. Ngozi hiyo ni ngao dhidi ya pembe za faru wenzake. Tembo, ambaye huonekana pia katika misitu ya Ngorongoro, ana haja nyingine. Hana tezi za jasho kama za binadamu, na humbidi apoze mwili kwa maji na tope. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba nyufa ndogondogo zilizomo katika ngozi ya tembo wa Afrika hushika maji mara 5 hadi 10 zaidi ya ngozi iliyo bapa.

Baharini yuko noa, kasa mkubwa kuliko kasa wote. Yeye hana magamba magumu mgongoni kama wenzake, bali amefunikwa ngozi nene juu ya vipande vidogo vya mifupa. Na mayai ya kasa wa baharini, kama yale ya nyoka na mijusi wengi, yana ganda lenye hali ya ngozi: nyuzi za protini nyingi, chokaa kidogo. Ganda hilo hupitisha unyevu, na mayai ya nyoka wengi hunyonya maji ya udongo na kuongezeka ukubwa. Ganda la yai la kuku, ambalo ni chokaa tupu kwa sehemu kubwa, haliwezi kutanuka.

MAHALI MMEA NA MNYAMA WANAPOKUTANA

Ngozi ya mbuzi iliyochunwa na kuachwa ikiwa mbichi huoza, kwa sababu bakteria hula kolajeni. Ikiwambwa kwa vigingi juani, haiozi upesi, lakini hukakamaa kama ubao. Ndivyo ilivyo ngozi ya ngoma: ni ngozi kavu, wala haijasindikwa. Ikiloa, hulegea, ikitiwa katika maji yenye joto la nyuzi 60 hadi 65 za sentigredi, hujikunyata ghafla, kwa kuwa zile kamba za nyuzi tatu zimesokotolewa. Ikiendelea kuchemshwa, hugeuka jelatini. Ndiyo sababu supu ya makongoro ikipoa huganda.

Ili ngozi isioze wala kukakamaa, hutiwa tanini. Tanini ni kemikali zilizomo katika magome, majani na matunda ya mimea mingi, hasa mimea yenye majani magumu. Huko Njombe miti ya miwati imepandwa kwa wingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya tanini iliyomo katika magome yake. Molekuli za tanini huingia kati ya nyuzi za kolajeni na kuzifunga katika sehemu nyingi. Bakteria hawapati tena pa kushika, na nyuzi zikikauka hazigandamani.

Lakini mmea haukutengeneza tanini kwa faida ya washona viatu. Mnyama anayetafuna jani lenye tanini hupata ukakasi, maana tanini hukamata protini za mate yake, na kisha hukamata protini za chakula tumboni zisisagike vizuri. Kila mtu anaujua ukakasi huo kwa chai ya rangi iliyokolea; ikitiwa maziwa ukakasi hupungua, kwani tanini imekwisha kushikana na protini za maziwa. Kwa hiyo fundi wa ngozi anatumia silaha ya mmea dhidi ya walaji wake, na kuigeuza kuwa dawa ya kuhifadhi.

HATARI YA KUFANANISHA

Imeonekana kwamba hali ya ngozi imetokea mara nyingi, kwa viumbe mbalimbali, kwa sababu mbalimbali. Hivyo hali hiyo peke yake si alama ya kuutambua mmea. Vichaka vya nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania vinatoa ushahidi mzito wa jambo hili.

Mugariga ni mti ambao wataalamu huuita Carissa spinarum, na katika vitabu vya zamani zaidi Carissa edulis. Wamaasai huuita olamuriaki. Matunda yake yaliyoiva huliwa na watoto wachungaji. Katika vichaka vya nchi hizo hizo huota msunguti, Acokanthera schimperi, ambao Wamaasai huuita olmorijoi. Miti hii miwili ni ya familia moja. Yote miwili ina majani yenye hali ya ngozi, yaliyokabiliana mawili mawili kwenye kijiti. Yote miwili hutoa utomvu mweupe. Yote miwili ina maua meupe au yenye wekundu kidogo, yanukiayo vizuri. Yote miwili huzaa matunda ya mviringo ambayo huanza kuwa mekundu na kuishia kuwa ya zambarau au meusi. Mfanano huo ni mkubwa kiasi kwamba msunguti ulipopewa jina la kitaalamu mara ya kwanza, uliwekwa katika jenasi Carissa.

Tofauti iliyo rahisi kuona ni moja: mugariga una miiba mirefu iliyonyooka, na msunguti hauna miiba.

Msunguti ndio mti wa sumu ya mishale. Wakamba na makabila mengine ya wawindaji walichemsha magome na vijiti vyake kwa saa nyingi hadi maji yakawa ulimbo mweusi, kisha wakaupaka mishale. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa Arnaud alitenga sumu hiyo kutoka kwa mti wa jenasi hiyo uliotumiwa na Wasomali, na ikaitwa ouabaini, kwa kufuata jina la Kisomali la mti. Ouabaini huzuia pampu iliyomo katika utando wa kila seli, itoayo sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Pampu hiyo ikizuiwa, moyo hupiga bila mpango na hatimaye husimama. Jens Christian Skou wa Denmark, aliyeigundua pampu hiyo mwaka 1957, alishiriki Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997. Na ouabaini ilikuwa mojawapo ya zana za uchunguzi wake.

Mnyama mmoja ameitumia sumu hiyo pengine kabla ya mwanadamu. Ni panya mkubwa mwenye ushungi, Lophiomys imhausi, aishiye katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Mwaka 2011, mwaka ule ule wa foleni za Samunge, Jonathan Kingdon, mwanazuoni aliyezaliwa Tanganyika, pamoja na wenzake walichapisha habari kwamba panya huyu hutafuna gome la msunguti na kuyapaka mate yake kwenye manyoya maalumu ya ubavuni. Manyoya hayo yana matundu kama wavu na hunyonya sumu kama utambi unyonyavyo mafuta. Mbwa amwumaye aweza kufa. Panya mwenyewe ana ngozi nene isivyo kawaida na fuvu lililoimarishwa, hivyo huweza kustahimili meno ya adui mpaka adui aonje sumu. Utafiti mwingine uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 2020 ulithibitisha tabia hiyo.

Sasa na afikiriwe mtu anayechimba dawa kichakani, au anayenunua mizizi sokoni. Miiba, ambayo ndiyo alama ya mugariga, iko kwenye matawi. Mzizi ukiisha kukatwa na kuoshwa hauna mwiba wala jani wala ua. Tena, kuchemsha hakuondoi sumu ya msunguti, kwani kuchemsha ndiyo njia yenyewe ya kuitengeneza. Ni kweli kwamba ouabaini hupenya tumboni kidogo kuliko inavyoenea ikiingia katika damu, na ndiyo maana wawindaji waliweza kula nyama ya mnyama waliyempiga mshale. Lakini hiyo si kinga ya kutegemea. Wanaojua kazi ya mitishamba huujua mti ungali umesimama, pamoja na matawi yake, kabla ya kugusa mzizi.

Kwa sababu hiyo, mtaalamu wa mimea hatosheki na alama moja. Hutazama mpangilio wa majani, miiba, utomvu, ua na tunda, kisha hukausha tawi lenye alama hizo na kulilinganisha na vielelezo vilivyohifadhiwa, kama vile katika Hebaria ya Taifa iliyoko Arusha au ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kanuni hiyo hiyo hutawala swali la tiba. Kuujua mti ni hatua ya kwanza tu. Hatua ya pili ni kujua kemikali zilizomo. Ya tatu ni kujua kama zina madhara. Ya nne ni kuwalinganisha wagonjwa waliopewa dawa na wale wasiopewa, kwa vipimo vilivyo sawa. Haijathibitishwa kwa hatua hizo kwamba kikombe cha Samunge kiliponya UKIMWI, kisukari au saratani. Kwa mgonjwa ambaye uhai wake hutegemea dawa za kila siku, kuziacha kwa ajili ya kinywaji ambacho hakijapimwa ni hatari hata kama kinywaji chenyewe hakina sumu. Jani la mugariga lafanana na jani la msunguti; vivyo hivyo, mtu aliyepata nafuu kwa siku chache aweza kufanana na mtu aliyepona. Katika mambo yote mawili, kipimo ndicho kitenganishacho.

MAJARIBIO YA DARASANI

1. Maji yapoteayo katika jani. Wanafunzi wachukue majani manne ya mwembe yaliyo sawa kwa ukubwa. La kwanza lisipakwe kitu. La pili lipakwe mafuta ya mgando upande wa juu. La tatu upande wa chini. La nne pande zote mbili. Kila jani lipimwe uzito, lining'inizwe kivulini kwa siku tatu, kisha lipimwe tena. Jaribio lirudiwe kwa majani ya mchicha, na matokeo yaandikwe katika jedwali.

2. Kazi ya tanini. Maji ya makongoro yaliyochemshwa sana yaenguliwe mafuta yote na kuchujwa. Yakiwa yangali vuguvugu, yagawanywe katika glasi mbili. Glasi moja iongezwe maji matupu, na ya pili iongezwe kiasi hicho hicho cha chai ya rangi iliyokolea na kuchujwa. Wanafunzi watazame ni glasi ipi inayopata ukungu na mashapo, na waeleze sababu.

3. Uyoga ufufukao. Kipande cha uyoga mgumu wa gogo kikaushwe juani siku mbili, kipimwe uzito, kitiwe majini kwa saa moja, kipimwe tena. Umbo lake lichorwe kabla na baada. Uyoga usionjwe, na mikono inawiwe.

Tahadhari: mwalimu asiruhusu wanafunzi wachume majani, magome au matunda ya mti wasioujua, wala wasitafune kitu chochote wakati wa matembezi ya masomo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja malighafi ya nyuzi katika jani, uyoga na dermisi. Ni ipi iliyo protini?
2. Eleza kwa nini tundu dogo huienea karatasi upesi kuliko linavyoenea katika ngozi.
3. Kwa nini haitoshi kusema kwamba majani huwa na hali ya ngozi kwa sababu ya ukame?
4. Kuna tofauti gani kati ya ngozi ya ngoma na ngozi ya kiatu?
5. Mtu analeta mzizi mkavu na kusema ni wa mugariga. Orodhesha mambo ambayo ingefaa aulizwe, na vielelezo ambavyo ingefaa avilete, kabla ya kukubaliwa neno lake.